Kuanza Kabla ya Kujiona Tayari

Mazungumzo kwa wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia



Nawashukuru kwa kufika. Najua kwamba wengi wenu mmeacha shamba, duka au watoto ili mketi hapa siku nzima, na kwa sababu hiyo yanipasa kusema jambo litakalowafaa mtakaporudi nyumbani.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwanzo wa kazi. Ni lini mtu, au kikundi cha watu, aanze kulitenda lile aliloazimia? Swali laonekana jepesi, lakini ndilo lililozikwamisha kamati nyingi kuliko upungufu wa fedha au ukali wa watawala. Kamati huundwa, viongozi huchaguliwa, muhuri huchongwa na daftari la kumbukumbu hununuliwa. Baada ya mwaka mmoja ukiuliza ni kazi gani iliyofanyika, utajibiwa, "Padre, bado hatujawa tayari." Wanangoja semina. Semina ikipita, wanangoja mfadhili. Mfadhili akipatikana, wanangoja mwanasheria. Wakati huohuo, mjane aliyekuja kwao na malalamiko amekwisha kuhama kijiji.

Hali hii haiwahusu wanakamati peke yao. Yuko kijana anayetaka kuanza ufugaji wa kuku, na kwa miaka 4 anangoja mtaji wa kuku 500, ilhali banda la kuku 10 angeweza kulijenga kwa mbao zilizolala nyuma ya nyumba ya baba yake. Yuko mama anayetamani kujiunga na darasa la watu wazima ajifunze kusoma, lakini anangoja hadi atakapozoea kushika kalamu, kana kwamba kalamu huzoeleka kwa kutazamwa. Wote hawa wana nia njema, na wote wanaamini kwamba siku moja wataamka asubuhi na kujiona tayari. Nataka kuwaonyesha kwamba siku hiyo, kwa namna wanavyoitazamia, haiji.

1. Kuwa tayari na kujiona tayari

Hatuna budi kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Kuwa tayari ni kuwa na kile ambacho kazi haiwezi kufanyika bila hicho. Kujiona tayari ni hali ya moyo: ni utulivu, ni kutokuwa na wasiwasi, ni kuamini kwamba hutaaibika mbele ya watu.

Zipo kazi ambazo mtu asizianze kabla ya kuwa tayari. Daktari asimpasue mgonjwa kabla ya kuhitimu. Dereva asipakie abiria kabla ya kupata leseni. Mhasibu wa chama asipokee akiba za watu kabla ya kujua kutunza hesabu. Pale ambapo kosa la mwanafunzi hulipwa kwa damu au kwa jasho la mtu mwingine, maandalizi ni wajibu wa haki. Nasema hivi mapema ili asije mtu akatoka hapa na kusema kwamba Padre ameruhusu uzembe.

Lakini tuyachunguze mambo tunayoyaahirisha. Je, ni upasuaji? Mara nyingi ni kuandika barua moja. Ni kumtembelea mzee aliyenyang'anywa shamba na kuyasikiliza maneno yake. Ni kuhudhuria kikao cha wananchi cha makadirio ya fedha za kaunti na kuuliza swali moja. Kwa kazi za namna hii hatukosi uwezo. Tunachokosa ni ule utulivu wa moyo, na huo hauwezi kutangulia kazi, kwa kuwa huzaliwa ndani ya kazi yenyewe.

Mwanafalsafa Aristotle, aliyeishi Ugiriki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alilieleza jambo hili kwa mifano ambayo hata fundi wa kijijini angeikubali. Alifundisha kwamba yale ambayo lazima tujifunze kabla ya kuyatenda, tunajifunza kwa kuyatenda. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa mpigaji wa kinubi kwa kukipiga kinubi. Kadhalika, alisema, mtu huwa mwenye haki kwa kutenda matendo ya haki, na huwa shujaa kwa kutenda ya kishujaa. Fikirini maana yake kwetu. Hatutaketi mahali fulani tugeuzwe kuwa watu wa haki, kisha ndipo tutoke kwenda kutetea haki. Tutageuzwa njiani. Wazee wetu wa pwani walisema kwamba mwanzo kokochi, mwisho nazi. Hakuna mnazi uliowahi kuzaa nazi ambayo haikuanza kuwa kokochi.

2. Sababu tunazojipa

Sababu ya kwanza ni elimu. "Sisi hatukusoma." Sababu ya pili ni fedha. "Kamati haina hata nauli." Sababu ya tatu huvaa vazi la unyenyekevu: "Mimi ni nani hata nizungumze mbele ya chifu?" Zote tatu zina ukweli ndani yake, na ndiyo maana zina nguvu. Lakini chini ya zote imejificha sababu ya nne ambayo hatupendi kuitaja, nayo ni hofu: hofu ya kuchekwa, hofu ya kushindwa, na wakati mwingine hofu ya kuumizwa.

Wasomaji wa Kitabu cha Kutoka wanamkumbuka Musa mbele ya kile kijiti kilichowaka moto. Mara 5 alitoa udhuru. Alitaja udogo wake, kutojua kwake, kutoaminiwa na watu, uzito wa ulimi wake, na mwishoni, alipoishiwa na sababu, aliomba tu atumwe mtu mwingine. Hakupewa muda wa kwenda kujiandaa. Aliulizwa ana nini mkononi, naye alikuwa na fimbo ya mchungaji. Akapewa na ndugu yake wa kusema kwa niaba yake. Kwa hiyo alianza na vitu viwili: chombo cha kazi yake ya kila siku, na mtu wa kufuatana naye. Naomba mvikumbuke viwili hivyo, kwa kuwa tutavirudia.

3. Wataalamu wa misitu wasio na vyeti

Sasa niwaletee mfano wa hapa nyumbani. Profesa Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Alisomeshwa na watawa, kwanza katika shule ya misheni huko Mathari, kisha Loreto Limuru, na baadaye katika chuo cha watawa Wabenedikto huko Kansas, Marekani. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtu akisikia habari hizi atasema, "Basi, huyo alikuwa tayari." Lakini taaluma yake ilikuwa elimu ya viungo vya wanyama. Hakuwa bwana miti. Hakuwa amesomea misitu, wala uongozi wa makundi ya akina mama, wala sheria.

Katika miaka ya 1970, kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, alisikia vilio vya akina mama wa vijijini: kuni zimekuwa mbali, maji yamekuwa machafu, chakula chenye lishe kimepungua. Akaona kwamba matatizo hayo yana shina moja, yaani ardhi iliyovuliwa miti yake. Jaribio lake la kwanza lilikuwa shughuli ndogo ya kuotesha na kupanda miti aliyoiita Envirocare. Ilishindwa. Fedha zilipungua, maji ya kumwagilia yakawa shida, na miche ikafa. Wengi wetu, baada ya aibu ya namna hiyo, tungesema kwamba sasa imethibitika hatukuwa tayari, na tungerudi kungoja.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake waliandamana kutoka jumba la mikutano la Kenyatta hadi uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti 7. Miti 7 katika nchi iliyokuwa ikipoteza misitu kila siku! Na hata hiyo 7 haikusimama yote. Miingi ilikauka, na ni michache tu iliyokua. Kwa hesabu ya mtu wa kungoja, huo ulikuwa mwanzo wa kuchekesha. Lakini ndio uliokuwa mwanzo wa lile tunaloliita leo Green Belt Movement.

Sikilizeni sasa kile kilichofuata, maana hapa ndipo penye somo letu. Akina mama wengi walipoomba miche, Idara ya Misitu, iliyokuwa tayari kuwapa bure, haikuweza kukidhi mahitaji. Ikabidi akina mama waoteshe miche yao wenyewe. Wakaletewa wataalamu wa misitu wawafundishe. Wataalamu walizungumza juu ya mteremko wa ardhi, upande wa kuingilia jua, kina cha kitalu na aina za udongo, na wakataja vifaa maalumu ambavyo hakuna mama aliyekuwa navyo. Akina mama wengi hawakujua kusoma wala kuandika, nao walitoka katika mafunzo hayo wakijiona wajinga kuliko walivyoingia.

Ndipo Profesa alipowarudisha kwenye yale waliyoyajua. Akina mama hawa walikuwa wakipanda mahindi na maharage tangu utoto wao. Walijua mbegu, walijua mvua, walijua udongo. Basi akawaambia waoteshe miti kama wanavyootesha mazao yao. Wakakusanya mbegu chini ya miti ya kwao. Wakatumia vyungu vilivyopasuka na makopo ya zamani mahali pa vifaa vya kitaalamu. Kila mmoja alipoona jambo linalofaa, alimwonyesha jirani yake. Kwa kila mche uliostawi baada ya kupandwa walilipwa fedha kidogo. Wao ndio waliopewa jina la heshima la wataalamu wa misitu wasio na vyeti. Mwaka 2004, Profesa alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipokea, kazi hiyo ilikuwa imepanda miti zaidi ya milioni 30.

Angalieni pia jinsi kazi ndogo ilivyomwandaa kwa kazi kubwa. Mwaka 1989 ilipotangazwa kwamba jengo la ghorofa 60 litasimamishwa katika bustani ya Uhuru Park, alianza na silaha ambayo kila mmoja wetu anayo: barua. Aliandika kwa ofisi moja baada ya nyingine. Bungeni alidhihakiwa, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi ililokuwa likitumia. Lakini wafadhili wa mradi walijitoa, na jengo halikujengwa. Mwezi wa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walimwendea. Wakaketi katika pembe ya bustani hiyohiyo, wakafunga kula wakidai wana wao. Polisi waliwashambulia kwa marungu na mabomu ya machozi, na Profesa mwenyewe akapelekwa hospitali akiwa amezimia. Akina mama wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, wakaendelea. Mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote waliodaiwa walikuwa wameachiliwa.

Je, mwaka 1977 alikuwa tayari kwa mambo ya mwaka 1992? Hasha. Angeliambiwa siku ile pale Kamukunji kwamba mti huu utakufikisha kwenye marungu, huenda angeliweka jembe chini. Lakini alipewa kazi ya siku ile tu, akaifanya, na kazi ile ikamwandaa kwa ya kesho yake.

Mambo hayohayo twayaona kwingine. Mwezi wa Desemba 1955, watu weusi wa Montgomery, Marekani, walipochoshwa na ubaguzi katika mabasi, walipanga kuyasusia kwa siku moja tu, tarehe 5. Akina mama walikesha usiku wakichapa maelfu ya karatasi za tangazo. Mchungaji aliyechaguliwa kuwaongoza, Martin Luther King, alikuwa na umri wa miaka 26, mgeni katika mji ule, na hotuba yake ya jioni ile aliitayarisha kwa muda usiofika nusu saa. Siku moja ilizaa siku 381, na ubaguzi katika mabasi yale ukaondolewa. Lau wangaliulizwa mwanzoni kama wako tayari kutembea kwa miguu kwa zaidi ya mwaka, sidhani kama wengi wangaliinua mkono.

4. Je, huku si kukurupuka?

Najua kuna mzee hapa anayesema moyoni kwamba haraka haraka haina baraka. Anasema kweli. Lakini wahenga haohao walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na tena kwamba chelewachelewa utamkuta mwana si wako. Methali hazipingani. Kila moja ina ugonjwa wake inaoutibu, na kazi ya mtu mwenye busara ni kujua yeye anaugua ugonjwa upi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia hapa. Akiichambua fadhila ya busara, anasema ina matendo matatu: kutafuta shauri, kulipima na kuamua, kisha kuagiza, yaani kuifikisha akili kwenye utekelezaji. Katika matendo hayo matatu, lililo kuu ni la tatu. Mtu anayetafuta shauri vizuri na kuamua vizuri, lakini hafiki kwenye kutenda, bado hajawa na busara kamili. Yeye ni kama mpishi aliyechambua mchele, akaosha sufuria, na hakuwasha moto. Tena Mtakatifu Tomaso anahesabu makosa ya pande zote mbili: kukurupuka bila kushauriana ni kosa dhidi ya busara, na uzembe wa kutotenda yaliyokwisha amuliwa ni kosa dhidi ya busara hiyohiyo. Akimfuata Aristotle, anasema kwamba kushauriana kuende polepole, lakini jambo likishaamuliwa, litendwe upesi.

Basi kamati na ijipime. Kama jambo halijajadiliwa, na lijadiliwe. Kama ukweli haujulikani, na utafutwe. Lakini kama shauri limetolewa mara 3 katika mikutano 3 na limeandikwa katika daftari mara 3, kulijadili mara ya 4 ni woga uliovaa joho la busara.

5. Kungoja kuna bei, na si sisi tunaoilipa

Tufike kwenye kiini cha maneno yangu. Mtu anapoahirisha shughuli yake binafsi, hasara ni yake. Yule kijana wa kuku akingoja miaka 4, ni yeye anayekosa mayai. Lakini kamati ya Haki na Amani inapongoja, hasara inamwangukia mtu mwingine ambaye hata hakuulizwa kama yuko tayari kungoja.

Sheria nayo haingoji. Hapa Kenya, mwenye shamba la binafsi akimwacha mtu mwingine akalikalia waziwazi, bila ruhusa yake, kwa miaka 12 mfululizo, kwa kawaida haki yake ya kulidai mahakamani hufikia kikomo. Mtu aliyeumizwa kwa kosa la mtumishi wa serikali, akitaka kudai fidia kwa njia ya kawaida ya madai, kwa kawaida ana miezi 12 tu ya kufungua shauri. Miezi 12! Kamati ngapi humaliza miezi 12 zikitafuta tarehe ya semina? Mashahidi huzeeka na kufa. Karatasi huliwa na mchwa. Mawe ya mpaka huhamishwa usiku. Udongo uwahi ungali maji, walisema wafinyanzi, kwa kuwa ukishakauka hata fundi hodari hawezi kuufinyanga.

Zaidi ya hayo, anayedhulumu hangoji kujiona tayari. Anayetaka kumnyang'anya mjane shamba huenda ofisi ya ardhi siku ya pili baada ya matanga. Hana semina. Hana mfadhili. Ana haja yake tu, naye anainuka asubuhi. Ni aibu iwapo uovu utaamka mapema na wema ukalala hadi saa nne.

6. Tulicho nacho mkononi

Mtaniuliza, "Padre, sisi tuna fimbo gani mkononi?" Nitataja chache.

Kwanza, Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani, kuandamana bila silaha na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki za kimsingi zinapovunjwa, kwa niaba yake au kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe. Kifungu hicho kinataka taratibu ziwe chache kadiri iwezekanavyo, mahakama ikubali, inapobidi, hata hati zisizo rasmi, na pasitozwe ada ya kufungua shauri la namna hiyo. Yaani Katiba yenyewe imemtambua mtu asiye tayari, ikamfungulia mlango.

Pili, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Asiyejua kusoma au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa mhusika. Ofisi ya umma hutakiwa kujibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 iwapo habari hiyo yahusu uhai au uhuru wa mtu. Basi kama zahanati ya kijiji chenu ilitengewa fedha na jengo limesimama bila paa, hamhitaji mwanasheria ili kuanza. Mnahitaji karatasi, kalamu, na mtu mmoja wa kuipeleka barua na kurudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Tatu, tunao watu. Jumuiya ndogo ndogo hukutana kila wiki. Hakuna chama wala shirika linalomfikia mwananchi nyumbani kwake mara kwa mara namna hiyo. Mwenye kumwona jirani yake kila wiki huijua dhuluma kabla haijawa kesi.

7. Namna ya kuanza

Sitaki tuachane bila njia iliyo wazi. Napendekeza mambo matano.

(a) Chagueni jambo moja. Kamati inayotaka kupambana kwa pamoja na rushwa, pombe haramu, ndoa za utotoni na migogoro ya ardhi haitapambana na lolote. Chagueni shamba moja, zahanati moja, kisima kimoja.

(b) Lipunguzeni hadi liweze kutendwa ndani ya siku 7. "Kuleta uwazi katika kaunti" hakuwezi kufanyika kwa wiki moja. "Kuandika barua ya kuuliza gharama ya paa la zahanati" kunawezekana.

(c) Litajeni jina la mtendaji na tarehe. Jambo lililoachiwa "kamati" limeachiwa hewa. Naye mtendaji asitumwe peke yake. Tulisema kwamba hata Musa alipewa mwenzake. Kazi za haki zina hatari zake, na watu wawili hulindana, hushuhudiana na hutiana moyo.

(d) Wekeni kumbukumbu tangu siku ya kwanza: tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa, nakala ya kila barua. Hapa msiache nafasi ya uzembe. Tunaanza kabla ya kujiona tayari, lakini hatuanzi bila uaminifu. Msimtaje mtu kwa ubaya kabla ya kuusikiliza upande wake. Wala msimwahidi mlalamikaji ushindi. Mwahidini tu kwamba hatatembea peke yake.

(e) Tazamieni kwamba baadhi ya miche itakauka. Barua ya kwanza huenda isijibiwe. Andikeni ya pili, mkitaja tarehe ya ile ya kwanza. Kushindwa kwa hatua moja kunatuonyesha kipi kinachokosekana, na kipimo hicho hakuna semina inayoweza kukitoa. Baada ya barua isiyojibiwa mtajua sasa ni mafunzo gani mnayoyahitaji, nanyi mtakapokwenda semina mtakwenda na maswali badala ya madaftari matupu.

Hitimisho

Ndugu zangu, sikuja kuwadharau wanaojiandaa. Mafunzo ni mema, na Tume itaendelea kuyatoa. Nilichokuja kukipinga ni imani kwamba maandalizi ni chumba cha kungojea, ambamo mtu huketi hadi aitwe jina. Maandalizi yetu yako shambani, njiani na mlangoni pa ofisi. Akina mama wale wenye makopo hawakupewa cheti chochote kabla ya kuotesha mche wa kwanza. Walipomaliza kuotesha mamilioni, hakuna aliyewauliza cheti.

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Yule mjane hatutazami kama tunajiona tayari. Anatazama mlango wake, aone kama kuna mtu anayekuja. Na twende.



Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni jambo gani ambalo kamati yetu imelijadili zaidi ya mara 2 bila kulitenda? Ni sababu gani tuliyoitoa, na je, ndiyo sababu ya kweli?

2. Katika kijiji au mtaa wetu, nani anayelipa bei ya kungoja kwetu? Je, tumewahi kumtembelea?

3. Tuna "makopo na vyungu" gani, yaani vitu, watu na ujuzi wa kila siku, ambavyo hatujawahi kuvihesabu kuwa vifaa vya kazi ya haki?

4. Ni kazi zipi katika kamati yetu ambazo kweli zahitaji mafunzo kwanza, na zipi zinazoweza kuanza juma hili?

5. Kabla ya kutawanyika, kubalianeni juu ya hatua moja, watu wawili wa kuitekeleza, na tarehe. Iandikeni katika daftari, na katika mkutano ujao ianze hiyo kusomwa.